Okidi Juu ya Mchungwa wa Fundi

Fundi viatu alikuwa na mchungwa mmoja tu uani, na kivuli chake ndicho kilichokuwa karakana yake. Mwaka huo machungwa yalikuwa haba, madogo kama ndimu. Tawi moja lilikuwa limekauka kabisa.

"Mti unakufa huu," alimwambia mkewe. "Unanyonywa mchana kweupe!" Akanyoosha kisu kwenye majani manene yaliyokaa juu ya matawi. "Hawa kupe leo watanitambua."

"Kile kichaka cha tawini chenye maua mekundu usikiguse," mkewe alisema. "Kinaupendezesha ua wetu."

Fundi akapanda, akakwangua. Majani yakaanguka pu! pu! Mara dada yake akaingia, akiwa amewasikia tangu nje. Yeye alikuwa mtunza mimea katika bustani kubwa ya mjini.

"Kaka, shuka! Unampiga mgeni, na mwizi mnamsifu!"

"Wifi, matusi kabla ya salamu?" mke akacheka.

Dada akaokota mmea mmoja. "Hii ni okidi. Tazama mizizi. Imekumbatia gome tu, haikuingia ndani. Inakunywa mvua na umande. Sasa tukate kipenzi cha wifi."

Wakakata kile kichaka pamoja na tawi lake. Kilikuwa kimezama ndani ya mti kama msumari kwenye soli.

"Huyu ndiye mnyonyaji," dada akasema.

Mke akashika kichwa. "Kumbe nimelea mwizi!"

"Uzuri wa mkakasi, wifi, ndani kipande cha mti. Lakini okidi ni ukoo mkubwa, hata vanila imo humo. Hapa nchini ziko za mitini, za maweni, na za ardhini. Nyingine hazioti popote duniani ila kwetu. Hii ni mojawapo. Ikiisha hapa, imekwisha dunia nzima."

Fundi akazitazama zilizolala chini. "Dada, nimeziua?"

"Bado. Lete uzi."

Akaleta uzi wa kushonea viatu. Wakazifunga moja moja kwenye matawi. Kisha wakakata tawi kavu, wakaweka samadi shinani.

Msimu uliofuata mchungwa ulizaa hadi matawi yakainama. Okidi nazo zikachanua, nyeupe pe! Wateja wakaja hata wenye viatu vizima.

"Fundi, naondoka na okidi moja," mteja mmoja akasema, mkono tayari juu.

"Chukua chungwa, ndugu yangu, chukua hata matano. Lakini ukiing'oa okidi, viatu vyako sivishoni. Utarudi kwenu peku!"