Maji Aliyokinga Binti

Mambo yalianza kwenda kombo siku samaki waliposimama. Samaki wa mapambo hawasimami. Kazi yao ni kuzurura, na ni kwa hilo tu wananunuliwa. Lakini jioni ile fundi makochi aliporudi kutoka karakanani, vumbi la sponji limemganda hadi kwenye nyusi, aliwakuta wote wamejipanga ndani ya tangi, vichwa vimeelekea kona moja, wametulia kama watu wanaosimuliwa jambo. Kwenye kona ile hapakuwa na kitu.

"Wamekula?" alimuuliza mkewe.

"Wamekula. Usiwasumbue," mkewe alijibu bila kumtazama. "Wanamsikiliza."

Fundi alivua viatu akaenda kunawa.

Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa amechukuliwa na homa. Alipenda samaki kupita kiasi, na baba yake alimwahidi tangi, kisha akawa anaahirisha kila kazi zilipobana. Mtoto alipozikwa ndipo alipolinunua, tangi la kioo refu kuliko kochi la watu watatu, kwa uchungu wa mtu aliyechelewa. Kuhusu samaki hakujua lolote. Muuza samaki, jitu moja nene lililoitwa Mapezi mtaa mzima, lilimweleza kwa subira: maji ya bomba yana dawa inayoua samaki, kwa hiyo utumie yaliyokwisha kukaa, pampu izunguke kwanza bila samaki mpaka tangi lizoee, kila wiki utoe maji kiasi, utie mengine. Na sponji ya chujio usiisugue, maana uhai wa tangi umo humo.

"Hata maji yote yakimwagika," alisema Mapezi, "sponji ikibaki, tangi halijafa."

"Miaka yote nakata sponji," fundi alisema, "leo ndiyo naambiwa ina uhai!" Walicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mazishi, na alijiona mkosaji njia nzima ya kurudi nyumbani.

Maji yaliyokaa walikuwa nayo. Nyuma ya nyumba lilikuwapo pipa alilolijaza binti kabla hajaugua, maana kukinga maji ilikuwa kazi yake. Mama yake hakuruhusu mtu achote hata kopo. Kila alasiri alikwenda kufunua mfuniko, akainamisha uso na kulia humo humo, majirani wasimsikie. Alipoambiwa tangi linataka maji ya namna hiyo, alinyanyuka mwenyewe akachukua ndoo.

"Aliyakinga yeye," alisema. "Acha yapate samaki."

Nani angemkatalia?

Lakini tangu samaki waliposimama, maji yale hayakubadilishwa tena. Kila fundi aliposhika mpira wa kunyonyea maji, mkewe alisimama mbele ya kioo, mikono ameitanua. Maji yakaingia ukungu. Samaki wakaelea matumbo juu, mmoja baada ya mwingine, na mkewe hakuwajali. Alikuwa ameanza kupakua sahani tatu. Alikonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Shavu lake moja lilikuwa na ubaridi usioisha, kwa kushinda amelibana kwenye kioo.

Jioni moja umeme ulikatika. Pampu ilinyamaza, mkewe alikuwa jikoni akitafuta mshumaa, na fundi aliyekuwa amekaa sebuleni peke yake akasikia mapovu yakiendelea kupanda ndani ya maji ambayo hayakuwa na cha kuyapulizia, kisha akanusa mafuta ya nywele, yale yale ya binti yake, na chini ya harufu hiyo, nyingine ya tope lililofunikwa muda mrefu, na ukucha ukaanza kugonga kioo kwa ndani, taratibu, kama mtoto alivyokuwa akigonga mlango wa karakana akitaka afunguliwe, na sauti ndogo, ya upole, yenye kikohozi kile kile cha siku za mwisho, ikasema, "Baba. Njoo karibu, Baba."

Fundi aliona miguu yake imekwisha kupiga hatua. Hilo ndilo lililomtisha kuliko sauti.

Asubuhi alimleta mganga, mwanamke mwembamba asiye na masihara, aliyekuja na ndoo yake mwenyewe. Aliinama, akanusa maji, akarudi nyuma.

"Hili ni jini," alinong'ona. "Majini hupenda maji yaliyosimama, na haya mmeyanywesha machozi. Limejua mnachokililia, likakivaa. Limemaliza samaki. Sasa linamla mama."

"Mwongo!" mke alifoka. "Ni mwanangu yule! Mimi nimemzaa, nisimjue?"

Fundi alimshika mabega palepale mbele ya kioo. "Mke wangu, linaniita Baba. Mwanetu aliniita Baba lini? Tangu ajue kusema aliniita Fundi, kama wateja. Tukamgombeza mpaka tukachoka."

Mganga alimkanyaga mguu. "Funga mdomo! Linasikia."

Lakini mke alikuwa ameshakumbuka. Alikaa chini sakafuni akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi, kisha akainuka, kwa sababu mganga alisema lazima amwage yeye mwenyewe. Alibeba ndoo baada ya ndoo mpaka kwenye mtaro wa nje, na kila ndoo ilimsihi. "Mama, usinimwage. Mama, huku nje kuna baridi." Alimwaga. Ya mwisho aliikumbatia kifuani, gauni likalowa lote, na hiyo pia akaimwaga. Kisha akalala usingizi wa kweli, mdomo wazi, kama mtu aliyetoka safari.

"Kila kilicholowa kikaushwe juani mpaka kiwe kama karatasi," mganga alimwambia fundi. "Kila kitu."

Fundi aliichukua sponji ya chujio akaenda nayo karakanani. Kukamua sponji hakuna aliyemshinda. Aliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito, na ilinukia mafuta ya nywele.

Alikumbuka alivyosema, "Subiri kidogo, mwanangu, kazi zipungue." Alisema hivyo mara nyingi sana.

Akachota maji, akaitumbukiza sponji ndani ya ndoo, akaifunika kwa kipande cha kitambaa cha kochi na kuisukuma chini ya meza ya kukatia. Kwa siku kadhaa hakukuwa na kitu, na mkewe alianza kula, akaanza hata kumtania. Halafu mchana mmoja, karakana ikiwa tupu, ukucha uligonga ubavu wa ndoo, taratibu.

"Fundi," ilisema sauti. "Fundi, nifungulie."

Alijua vizuri limejifunzia wapi. Alilifundisha mwenyewe, kwa mdomo wake. Alipiga magoti, akafunua kitambaa, akainama mpaka pua ikagusa maji.

"Nipo, mama," alisema. "Fundi wako yupo."

Na machozi yake yakaanza kudondokea ndani ya ndoo.