Mume Asiyevuka Kizingiti

— Tarishi! Simama hapo hapo!

Mize alikuwa ameshika mwiko, mchuzi unamchuruzika mkononi. Shaibu, mumewe, akasimama nje ya kizingiti, mkoba wa barua za boma la Chole begani, jasho limemlowesha. Tangu Mize asuse na kurudi kwa mamake Baleni, mwanamume huyu alikuwa akipita kila safari ya kwenda mnara wa taa wa Ras Mkumbi, anasimama kama mlingoti, anatoa salamu, kisha huyo.

— Unaniita tarishi, mke wangu?

— Nani mkeo? Haya, leo una salamu za nani?

Shaibu akajikohoza. Masikini, hakujua anachimbiwa shimo.

— Bi Zubeda wa Utende anakusalimu sana. Kuku wake wamepona. Na Matano anauliza kama...

— Na mume wangu je? Ana neno, au kuku tu ndio wenye neno?

— Mize, mumeo si mimi?

— Wewe tarishi. Basi mpelekee salamu. Mwambie nilisusa kwa kuwa ana maneno ya kisiwa kizima, mpaka ya mbuzi wa Kirongwe aliyezaa mapacha. Ikifika zamu yangu, anakoroma. Na mwambie Ijumaa mjomba Hamdu anakwenda kwa kadhi kuniombea talaka. Utafikisha?

Shaibu akatazama miguu yake. Kisha, Mungu amsamehe, akajibu kama alivyozoea:

— Nitafikisha.

Akaondoka! Mize akaurusha mwiko, ukampata jogoo asiye na kosa.

— Mama, umemsikia? Ati nitafikisha!

Biubwa, mamake, alikuwa anakuna nazi. Hakuinua hata kichwa.

— Nimemsikia. Mtu katumwa kwa nafsi yake, na njia kashika.

Shaibu aliporudi kutoka mnarani, jibu alikuwa nalo.

— Mumeo anasema amechoka kuja kukuchukua, nawe hutoki.

— Kuja? Amekuja lini?

— Kila safari! Nasimama hapa mpaka nyayo zinaniwaka!

Hapo Biubwa akainuka.

— Shaibu, mke aliyesusa hachukuliwi kwa kuitwa mlangoni. Mume huja, huvua viatu, hukaa mkekani, hula chakula cha mkwe, ndipo akatoa neno. Wewe hata maji yangu uliyakataa!

— Mama, ni amri ya boma. Mkoba hauingii nyumba ya mtu, wala siruhusiwi kuutua njiani. Nikionekana ni viboko.

— Mbona hukusema siku zote? — Mize akafoka.

— Hamkuniuliza.

— Basi ni mkoba uliokuja, — alisema Biubwa. — Mume hatujamwona.

Shaibu akashika njia ya Utende. Mize akabaki anasaga meno. Kumbe hakuwadharau! Kumbe kweli alidhani anakuja! Heri angekuwa mtu mbaya, angemchukia kwa raha.

Alhamisi alasiri ikapigwa hodi. Ni Shaibu, mikono mitupu, kanzu ya Idi, bega moja limeinama kwa mazoea.

— Mkoba uko wapi? — Mize aliuliza.

— Nimemwachia mwenzangu Ussi aupeleke. Boma wakijua, mgongo wangu huu.

— Vua viatu, — akaamuru Biubwa.

Alikula muhogo wa nazi mpaka sahani ikang'aa. Akanawa, akajikohoza.

— Mama, Bi Zubeda anakusa...

— Shaibu! — Mize alipiga kelele nyuma ya pazia.

Akaikatiza salamu. Aliposema tena, sauti haikuwa ile ya mlangoni.

— Nabeba maneno ya watu mchana kutwa, Mize. Nikifika nyumbani nayamwaga yote, nikidhani nimezungumza nawe. Sasa nayamwagia ukuta. Langu ni moja tu. Rudi.

— Na kukoroma?

— Kukoroma siwezi kuahidi.

Biubwa aligeuka upande ili asionekane anacheka. Mize akatoka na bunda la nguo. Lilikuwa limefungwa tangu asubuhi.

— Twende. Na mjomba Hamdu alivyokwisha kukifua kilemba chake na kukitia buluu kwa safari ya kwa kadhi!

Hawajafika mbali, mwanamke akachomoza kwenye ua wake.

— Tarishi! We tarishi! Nipelekee salamu Utende, mwambie dada yangu...

Shaibu akageuka, masikio yamesimama. Mize akamshika mkono, akamvuta.

— Tarishi kapita zamani, mwenzangu. Huyu mume wangu.