Yule wa Tano

Kwa miaka sita kundi lao la simu lilikuwa na watu wanne. Alasiri moja simu ya Fundi ikaonyesha watano.

Aliiona namba hiyo kwa pembe ya jicho tu, kwa sababu mikono ilikuwa kwenye cherehani na pini zilikuwa mdomoni. Shule moja ilikuwa imemwagiza sketi thelathini za sare, na yeye ndiyo kwanza alikuwa kwenye ya kumi na moja. Akaendelea kukanyaga cherehani, akijiambia ataangalia baadaye.

Niseme kwanza hawa walikuwa akina nani, maana ukiwasikia wanavyoongea utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Walilala bweni moja walipokuwa wasichana, vitanda vitano vikiwa vimesukumwa kwenye kona yenye dirisha bovu. Sasa mmoja ni Fundi, anashona nguo. Wa pili ni Mwalimu, ambaye akimkemea mtoto darasani kwake, watoto wa madarasa matatu mbele wananyamaza. Wa tatu ni Mama Pacha, ana duka la vifaa vya shule, anajisifia miguu isiyochoka kusimama, na ana watoto wawili wanaogombana tangu tumboni. Wa nne walimwita Kicheko tangu huko bwenini, kwa sababu ya kile kicheko chake kilichoanza kama kikohozi na kuishia kila mtu ameshika mbavu. Kicheko alifiwa na mumewe mwaka juzi, na hawakujaliwa mtoto. Wa tano waliyemwita Kimya aliacha shule mapema, na hakuna aliyejua alikoishia.

Kila mmoja aliishi mji wake. Kilichowaunganisha ni kitu walichokiita ripoti. Kila alasiri kila mtu alituma ujumbe wa sauti kundini, akaeleza alivyoshinda: ameamkaje, amekorofishana na nani, kiatu kimemkatikia wapi. Asiyetuma alitaniwa mpaka atume. Tatizo lao, na ninalisema bila kuwaonea, ni kwamba kila mmoja alipenda kutoa ripoti yake kuliko kusikiliza za wenzake.

Alasiri hiyo namba isiyo na jina iliandika: "Hamjambo wapenzi wangu. Nimewakumbuka mno."

"Hatujambo, karibu sana," Mwalimu akajibu wa kwanza.

"Karibu nyumbani. Jisikie huru, hapa ni kwako," akaandika Mama Pacha.

Kicheko yeye alituma sauti. "Karibu mwenzangu, karibu. Ulipotelea wapi siku zote hizo?"

Kila mmoja alidhani huyo ni Kimya, na kila mmoja alidhani ni mwenzake aliyemtafuta na kumuingiza kundini. Hakuna aliyeuliza. Mtu ameshasema amekukumbuka mno, utaanzia wapi kumwambia samahani, wewe ni nani? Fundi alipokuja kushika simu, zile karibu zilikuwa zimeshapitwa na jumbe ishirini nyingine, akaona haya kumkaribisha mtu aliyekwisha kukaa. Akanyamaza.

Yule wa tano alikuwa mtamu, hilo lazima nikiri. Hakutuma ripoti, aliuliza tu. Umekula? Umelala? Yule mteja msumbufu alirudi? Alimuuliza Mama Pacha kama mguu bado unawaka, na Mama Pacha akafurahi kujaliwa, mpaka alipokuwa anafunga duka ndipo akakumbuka kwamba hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za mguu. Akajiambia labda alisema akasahau. Siku iliyofuata yule wa tano alimuuliza Mwalimu kama ameshaijibu ile barua iliyo chini ya godoro, ambayo Mwalimu hakuwa amemwambia mtu. Mwalimu akacheka kidogo kwenye ripoti yake, kisha sauti ikakatika.

Fundi ndiye aliyesikia mapema, kwa sababu yeye pekee alikuwa na tabia ya kurudia ripoti za wenzake akiwa anashona, na masikio yake yamezoea kutambua ugonjwa wa cherehani kwa mlio tu. Nyuma ya maneno ya Mwalimu alisikia mtu akiketi. Kiti cha mbao kililia polepole, uzito ukatulia, kisha ikafuata pumzi ndefu ya mtu aliyefika baada ya safari. Mwalimu wakati huo alikuwa anasema yuko peke yake nyumbani. Fundi akafungua ripoti ya Mama Pacha ya siku hiyo hiyo. Kiti ni kile kile, na pumzi ni ile ile.

Akampigia Mwalimu. Simu ilipokelewa kwa mnong'ono.

"Umepatwa na nini? Sauti imekwenda wapi?"

"Imekauka tangu asubuhi. Fundi, nyumba yangu inanuka."

"Inanuka nini?"

"Nguo mbichi iliyopigwa pasi. Nimefua kila kitu, nimeshusha mapazia, nimeosha mpaka ukuta. Nikikaa sebuleni inakuja, nikihamia jikoni inanifuata."

Fundi alikausha jasho la kiganja kwenye sketi ya mtoto wa watu. "Niambie. Ni nani aliyemuingiza Kimya kundini?"

"Nilidhani ni wewe."

"Si mimi."

"Jana nilimpata kaka yake Kimya," Mwalimu akanong'ona. "Kimya mwenyewe akapewa simu tukasalimiana. Anafuga kuku, yuko salama, na simu ya mtandao hajawahi kuishika."

"Sasa huyu tunayeongea naye ni nani?"

"Usiulize kwa sauti."

Hapo hapo, ndani ya simu, karibu kabisa na mdomo wa Mwalimu, kiti kililia.

"Umesikia?" Mwalimu aliuliza, na Fundi akajibu kwamba amesikia, na hakuna kati yao aliyethubutu kuwa wa kwanza kukata simu.

Kesho yake Mwalimu hakuwa na sauti hata ya kuitikia mlango. Daktari alimulika koo akasema ni zima. Alasiri ilipofika yule wa tano alituma ujumbe wa sauti kwa mara ya kwanza, na Fundi, ambaye alikuwa amejiapiza kutoufungua, aliufungua, akasikia sauti ya Mwalimu, ile ile ya kunyamazisha madarasa matatu, ikitoa ripoti ya siku ya Mwalimu tangu kuamka mpaka kwenda kwa daktari, ikieleza alivyolia njiani na kitambaa alichofutia machozi, bila kukosea hata kimoja, na mwishoni ikauliza kwa upole: "Fundi, wewe mbona hujanikaribisha?"

Sketi ilimponyoka mkononi ikaanguka chini.

Mama Pacha alijaribu kumtoa yule wa tano kundini, namba ikarudi kabla hajaweka simu mezani. Alijaribu kulifuta kundi lote, likarudi na watu wale wale watano. Watoto wake waligoma kulia chakula mezani, wakahamishia sahani kibarazani kwenye jua kali, na alipowauliza kwa nini, kwa mara ya kwanza maishani mwao wakakubaliana jambo: kiti cha baba kina mtu, na huyo mtu anamtazama mama mguuni. Mguu wenyewe ulikuwa umevimba mpaka kiatu hakiingii.

Fundi alifunga kibanda, akaenda kwa shangazi yake mtaa wa pili. Shangazi huyu alikuwa mganga, anatibu watu waliopandwa na majini, na hana subira na mtu yeyote, awe mgonjwa au jini. Alimkuta anachambua mchele kwenye ungo.

"Mlimkaribisha," shangazi alisema baada ya kusikia yote, bila kuinua macho.

"Tulidhani ni mwenzetu, shangazi."

"Sikuuliza mlidhani nini. Wangapi walisema karibu?"

"Watatu. Mimi sikuwahi."

"Uvivu wako umekuponya." Aliokota jiwe akalitupa. "Hilo ni jini la kukaribishwa. Haliruki ukuta, halivunji mlango, linasubiri neno. Likishalipata linakaa, na likikaa linakula kile mwenye nyumba anachojivunia. Dawa yangu hailiwezi. Aliyesema karibu ndiye atakayesema toka, kwa mdomo wake, mlangoni kwake, mlango ukiwa wazi. Mwingine hawezi kumsemea."

"Mwalimu hana sauti."

"Hata kwa mnong'ono. Ila aseme akiwa anataka kweli litoke. Jini linajua mtu anayetania."

Mwalimu alisimama mlangoni kwake mchana kweupe, majirani wakimtazama, akanong'ona neno hilo mara tatu. Alisema baadaye kwamba kitu kilimpita ubavuni kama mtu mnene anayepita kwenye mlango mwembamba, na ile harufu ikaondoka nacho, na alipotaka kumshukuru Mungu alijikuta anapiga kelele. Mama Pacha naye alisema lake akiwa ameshikilia fremu ya mlango, watoto wawili nyuma yake, na mguu ukaanza kunywea siku hiyo hiyo. Akabaki Kicheko.

Kicheko hakupokea simu. Walipiga kwa zamu tangu asubuhi mpaka jioni. Aliandika mara moja tu: "Msihangaike. Tuko salama."

Fundi alilisoma lile "tuko" mara nne. Kisha akarudia ripoti za Kicheko za wiki tatu tangu yule wa tano aingie, zote, akitafuta kitu ambacho hakukijua mpaka alipokikosa. Hakuna hata moja iliyokuwa na kicheko. Rafiki yake alikuwa amekauka masikioni mwake, na yeye aliyejisifia masikio hakugundua. Aliogopa, na aliona aibu, na sijui kipi kilimfanya aache sketi zilizobaki mezani akapanda basi la alfajiri.

Hakuwahi kufika nyumbani kwa Kicheko kabla ya hapo. Hata msibani hakwenda. Alituma rambirambi kwa simu, akaahidi kuja. Alipofika ilikuwa saa sita mchana. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, uzio wa waya, kamba ya nguo ina gauni moja. Harufu ya nguo mbichi na pasi ya moto ilimpokea getini. Na kabla hajabisha alisikia kicheko ndani, kile cha bwenini, kinaanza kama kikohozi, kinapanda, kinamwagika, na moyo wake ukajaa furaha hata akasahau kilichomleta, akagonga kwa ngumi mbili huku naye anacheka.

Mlango ulifunguka. Kicheko alisimama hapo, amekonda, mashavu yameingia ndani, midomo imefungwa. Nyuma yake, gizani ndani ya sebule iliyoshushwa mapazia, kicheko kilikuwa bado kinaendelea.

"Umekuja," Kicheko alisema kwa sauti ndogo.

"Nimekuja. Sogea hapa mlangoni. Sema neno moja tu, liseme uondokane nacho, tutarudi wote wawili kwangu ukapumzike."

"Nalijua hilo neno. Mama Pacha aliniandikia."

"Basi liseme."

Kicheko alimtazama kama mtu anayepima kitambaa kama kitatosha. "Kila asubuhi ananiuliza nimelalaje," alinong'ona. "Nikijibu, anauliza tena. Anataka kujua niliota nini, nilikula nini, nilikula na nani. Nyie mlikuwa mnatupa ripoti mnaondoka. Miaka miwili, Fundi. Nilikuwa nacheka kwenye simu, nikiiweka mezani nyumba inakuwa na sauti ya friji tu."

"Kinakula. Jitazame mikono."

"Naona mikono yangu. Najua si mtu." Machozi yalimtoka lakini sauti haikubadilika. "Niulize mimi sasa. Nikimfukuza, nani atabaki hapa? Utabaki wewe?"

Swali hilo lilikuwa rahisi, na Fundi alimpenda Kicheko, alimpenda kweli, tangu siku walipogawana blanketi moja kwenye kona ya dirisha bovu. Lakini palipokuwa na jibu kichwani mwake palipita kwanza zile sketi, na mwenye shule, na mume aliyeambiwa atarudi leo, na basi la saa nane, na chumba cha kulala ambacho hakijulikani kama kipo katika nyumba hii yenye harufu, vyote vikapita haraka, haukuwa muda wa kutosha hata kuvuta pumzi mara mbili.

"Nitabaki," ikasema sauti ya Fundi.

Ilitoka sebuleni. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na kile kikwaruzo chake cha asubuhi, imejaa upendo mtupu.

Kicheko alikuwa anautazama mdomo wa Fundi, na alikuwa ameona kwamba haujafunguka.

"Angalau yeye hakufikiria kwanza," alisema. Akarudi ndani, akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumuudhi mgeni.