Fuko Asiyepiga Hodi

Fuko alikuwa anakula mlima. Kwenye ukuta-picha wa ukumbi mkuu wa Nguvuchini, jijini Mbeya, wageni waliiona pua yake ya chuma ikitoa mwale mweupe, na jiwe lililokuwa mbele yake likilainika kama ugali ambao bado haujashika. Jiwe hilo lilirudi nyuma kandokando ya mwili wake, likaganda kuwa kioo cheusi, na kioo hicho ndicho kilichokuwa ukuta wa kisima. Hakukuwa na vumbi wala tope. Fuko aliyeyusha njia, akaipiga plasta njia hiyohiyo, akaendelea na safari, na namba ya kina kwenye kona ya picha ilipanda kwa kasi ambayo hata waliomtengeneza hawakuwahi kuiona.

Mlima wenyewe haukuwa wa Tanzania. Uliitwa Yurani na ulikuwa Bolivia, upande wa pili wa dunia, ambako jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza wakati watu wa Mbeya wameshakula cha mchana na wanatafuta pa kujinyoosha. Siku hiyo hakuna aliyejinyoosha. Mawaziri wa nishati wa nchi kadhaa walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wamesahau hata soda zao.

Nguvuchini haikuwa kampuni ya kuuza umeme. Ilikuwa kampuni ya ufundi. Nchi yenye moto chini ya miguu yake iliwaita, wao wakaja na fuko, mashine yao ya kuchimba, wakashuka hadi kwenye mwamba wa moto, wakafunga mitambo ya mvuke, wakawafundisha wenyeji kuiendesha, wakaaga. Ilianzia kwenye miteremko ya Rungwe, ikavuka kwenda Komoro na Ethiopia, na sasa Mkurugenzi Mkuu, Mzee Gwakisa Lwinga, alitaka ivuke bahari zote zilizobaki. Alikuwa na msemo mmoja ambao aliuchapisha hadi kwenye vikombe vya chai vya ofisi: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Aliyekuwa amesimama pembeni ya ukuta-picha akiwaeleza wageni wanachokiona ni Mhandisi Subilaga, mama wa makamo mwenye sauti nzito, ambaye ndiye aliyemsanifu fuko wa kwanza. Kama fuko angefika kwenye mwamba wa moto mbele ya macho ya mawaziri hawa, mikataba ingesainiwa jioni hiyo, na Subilaga angekuwa mkuu wa Nguvuchini kwa Amerika Kusini yote. Alikitaka cheo hicho, na hakuona haya kukitaka. Alikuwa amejifunza Kihispania akiwa anapika, akiwa anafua, hata akiwa kanisani mahubiri yakizidi urefu.

"Subilaga," Mzee Gwakisa alimnong'oneza, macho yakimeta kwa furaha, "ukishafika huko usitusahau. Utuletee viazi. Nasikia viazi vilianzia kwao."

"Umevikinai vya Mbeya, Mzee?"

"Nataka kuonja babu yao."

Subilaga akacheka. Ilikuwa vigumu kutocheka siku hiyo. Mwezi mmoja nyuma, kwenye kilima cha Sallani, jirani na Yurani, fuko mwingine alikuwa amechimba kisima cha kwanza cha Bolivia kwa nusu ya muda wa kawaida. Walikata keki humohumo ukumbini, na picha ya keki ile bado ilining'inia karibu na mlango. Leo fuko wa Yurani alikuwa anampita hata yule wa Sallani. Waziri mmoja aligeuka akauliza siri ya kasi hiyo ni nini.

"Nidhamu, Mheshimiwa," Mzee Gwakisa alijibu kabla Subilaga hajafungua mdomo. "Tumepunguza maneno, tumeongeza kazi."

Haukuwa uongo. Miongozo ya kazi ya Nguvuchini iliandikwa na Watanzania, na Mtanzania hawezi kukukabidhi hata nyundo bila kwanza kukuuliza umeamkaje. Kila hatua ilianza na salamu kwa zamu inayoingia, ikafuata pole ya kazi kwa zamu inayotoka, halafu ndipo likaja jambo lenyewe. Ndani ya nchi hakuna aliyelalamika. Kampuni ilipoanza kutanuka, wateja wa nje waliisoma miongozo hiyo na kuuliza kwa upole kama kuna ambayo ni mifupi kidogo. Ndipo ikanunuliwa akili unde ya kutafsiri, waliyoiita Mkalimani. Mkalimani aliisoma miongozo yote, akaifupisha, akaiweka katika Kihispania safi, kisha akaipakia moja kwa moja kwenye bongo za mafuko.

Makofi yalilipuka tena. Namba ilikuwa imevuka nusu ya safari. Mngurumo wa fuko, uliokuwa ukiletwa ukumbini kutoka chini ya mlima, uliwatetemesha wageni hadi vifuani, nao waliupenda. Subilaga naye aliupenda, mpaka alipoanza kuusikiliza.

Mngurumo haukukatika.

Alisubiri. Uliendelea hivyohivyo, mrefu, laini, bila pumzi. Miaka yote aliyofanya kazi na mafuko alikuwa ameuzoea mwendo wao kama mtu anavyozoea mkoromo wa mumewe: mngurumo, kimya, ngo-ngo-ngo, kimya, mngurumo tena. Alijivuta taratibu hadi kwenye kona, akabonyeza kipaza sauti kilichokuwa kwenye ukosi wake.

"Mwantumu, unanisikia?"

Mwantumu alikuwa mkuu wa kituo cha Yurani, binti wa Tanga aliyekulia kazini chini ya mkono wa Subilaga. "Nakusikia, dada. Umeona mambo hayo? Baridi huku inakata masikio, lakini moyo wangu unawaka."

"Mbona sisikii hodi?"

"Hodi ipi tena, dada?"

"Hodi ya fuko. Nyundo."

"Aa, ile. Kwenye mwongozo mpya haimo. Nilidhani mmeiondoa wenyewe, maana vipimo vipya vinapima ugumu wa mwamba bila kugonga."

Kila fuko alikuwa na nyundo ndogo puani. Kila baada ya kitambo aliuzima mwale, akagonga mwamba mara tatu, akatega sikio, kisha akaendelea. Vijana wa kampuni walifundishwa kwamba mwangwi wa nyundo unaeleza jiwe lililo mbele ni gumu kiasi gani, na ni kweli uliweza kueleza. Lakini Subilaga hakuiweka nyundo kwa ajili hiyo.

Baba yake, Mzee Ambonisye, alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Chunya. Wachimbaji wa huko walikuwa na sheria yao: ukiwa shimoni na ukahisi unakaribia shimo la mwenzio, unagonga ukuta kwa nyundo mara tatu. Hodi hii ilikuwa kinyume cha ile ya mlangoni. Nyumbani kwa mtu, usipojibiwa mara tatu unarudi ulikotoka. Chini ya ardhi, usipojibiwa unapita, na ukijibiwa ndipo unarudi, kwa sababu upande wa pili kuna mtu. Siku moja mgeni mwenye mashine kubwa, na ramani iliyosema mashimo yale yamefungwa, alipita bila kugonga. Mzee Ambonisye alitoka na kovu. Mdogo wake hakutoka.

Subilaga hakupenda kulisimulia jambo hilo kwa wahandisi wenzake. Aliona litawafanya wamhurumie badala ya kumheshimu, akaona mwangwi na ugumu wa mwamba vitasikika kitaalamu zaidi.

"Mkalimani," alisema. "Umeifanyia nini hodi?"

"Hodi ni salamu ya mlangoni," akili unde ilijibu kwa adabu yake ya kila siku. "Niliagizwa kuondoa salamu zote zisizo na kazi ya kiufundi."

"Nani aliagiza?"

"Wewe, Mhandisi."

Aliikumbuka siku ile. Alikuwa na haraka ya kikao, akasaini agizo lenyewe akiwa amesimama.

Alirudi mbele akamshika Mzee Gwakisa mkono, mbele ya mawaziri. "Mzee, lazima tumsimamishe."

Mzee Gwakisa aliendelea kutabasamu kwa ajili ya wageni, ila maneno yalimtoka kwa chini. "Tukimsimamisha kioo kitamgandia. Tumempoteza fuko, na tumeipoteza siku yenyewe. Kuna hitilafu?"

"Hajapiga hodi tangu aingie."

"Mlima ule una migodi ya zamani tu, na ramani inasema imefungwa yote. Nani atakuwa humo?"

"Ramani za Chunya nazo zilisema hivyohivyo. Baba yangu alikuwa humo."

Mzee Gwakisa alimtazama. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu kampuni ikiwa na ofisi ya vyumba viwili na jiko la mkaa, na hakuwahi kulisikia jambo hilo. "Ukikosea, Subilaga, cheo chako kimekwenda. Na mimi sitaweza kukutetea."

"Najua." Na aliumia kujua. Alikuwa ameshalichagua hata pazia la ofisi ya huko. "Mwantumu, zima mwale. Halafu iendeshe nyundo yake mwenyewe kutoka hapo kituoni, upige hodi."

Mngurumo ukafa. Ukumbi mzima ukashtuka kama watu waliokatikiwa na umeme kwenye harusi. Mwanga mweupe ulififia kwenye ukuta-picha, ukawa mwekundu, ukawa giza. Namba ya kina ilisimama. Mawaziri waligeukiana, na mmoja akaanza kutafuta koti lake.

Ngo, ngo, ngo.

Hakuna jibu. Kioo kilisikika kikipasukapasuka kwa kupoa.

Ngo, ngo, ngo.

"Dada," Mwantumu alisema polepole, "pua imeanza kushikwa. Tukichelewa zaidi hatumtoi tena."

"Piga ya tatu."

Ngo, ngo, ngo.

Subilaga alifumba macho. Alihesabu pumzi zake, akaanza kuyapanga maneno ya kuomba radhi kwa mawaziri. Hapo ndipo sauti ikaja, hafifu, kutoka upande wa pili wa jiwe, si ya chuma bali ya jiwe kwa jiwe. Ilikuwa ya haraka na haikufuata mpangilio wowote. Mtu alikuwa anagonga kwa nguvu zake zote. Kisha wa pili akaungana naye, kisha wengi.

Waziri aliyekuwa anavaa koti alibaki na mkono mmoja ndani ya koti lile, hauendi wala haurudi. Mzee Gwakisa aliketi, akanyanyuka tena. Halafu akawageukia wageni wake.

"Waheshimiwa," alisema, "wenyeji wapo nyumbani."

Kilichofuata kilikuwa shangwe ambayo ukumbi ule haukuwahi kuiona. Mwantumu aliwaacha wenzake mitamboni, akaendesha gari hadi kwenye mdomo wa mgodi wa zamani uliowekwa bango la kufungwa, na kamera ya kofia yake ikawaonyesha watu wakitoka mmoja mmoja kwenye mwanga wa asubuhi, wamejaa vumbi la kijivu, wanaume na wanawake, wamebeba viroba vya mawe yenye madini. Mama mmoja mwenye kofia ya mviringo alimwendea Mwantumu akamsemesha kwa lugha yake.

"Anauliza ni nani aliyebisha," Mkalimani alitafsiri.

Watu walicheka na kulia kwa wakati mmoja. Subilaga alijikuta amekumbatiwa na waziri asiyemjua hata jina. Mwingine alisema kwa sauti kwamba nchi yake haitachimba na kampuni nyingine yoyote, maana kampuni iliyo tayari kumzika fuko wake kwa ajili ya watu ambao hawapo hata kwenye ramani ndiyo anayoitaka. Mzee Gwakisa aliinua kikombe chake chenye msemo, ameshapata hotuba mpya.

"Mkalimani," Subilaga aliita, akijifuta machozi, furaha ikiwa imemjaa. "Irudishe hodi kwenye miongozo yote. Usiitafsiri. Ibaki hodi kwa Kihispania, ibaki hodi kwa Kichina."

"Imerudishwa, Mhandisi. Niirudishe na kwenye mwongozo wa Sallani, ingawa kazi ya pale imekwisha?"

Subilaga aliacha kujifuta. Alitazama mlangoni, kwenye picha ya keki. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika kisu.

"Sallani kulikuwa na mgodi wa zamani?"

"Ndiyo. Ramani inasema umefungwa."

Mzee Gwakisa alikuwa amesikia. Kikombe kilishuka taratibu mezani. Aliinua mkono, na ukumbi ukatulia kidogo kidogo, safu kwa safu, mpaka waziri wa mwisho akanyamaza bila kujua ni kwa nini.

Fuko wa Sallani bado alikuwa chini ya kisima chake, amepumzishwa, nyundo yake nzima. Mafundi wa zamu walimpandisha hadi usawa wa mgodi wa zamani, wakamsimamisha. Subilaga aliishika meza. Tangu kampuni ianze, kimya kilikuwa ruhusa: hakuna mtu, pita. Leo kingeweza pia kuwa kaburi.

"Wapigie hodi," alisema.

Ngo, ngo, ngo.

Walisubiri.