Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimtungia mama yake uzi kwenye sindano. Mama alikuwa fundi cherehani. Jumatatu ile Chiriku alifungua kopo la vifungo, akakuta vidonge vya maumivu.

"Mama, si daktari alikukataza?"

"Mgongo unaniua, mwanangu. Na wewe, leo kliniki ufunge mdomo!"

Mama alikuwa akijiandaa kumpa mjomba figo moja. Figo za mjomba, seremala mcheshi, zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alilazwa kando ya mashine ya kusafisha damu. Mama alikwisha kupimwa damu, mkojo na moyo. Zilibaki siku kumi tu apasuliwe.

Darasani Chiriku hakutulia. Alitafuna kalamu, akakosa hata hesabu rahisi. Akisema, mjomba huenda akakosa figo. Asiposema, mama je?

Alasiri alimsindikiza mama kliniki. Muuguzi akauliza, "Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna."

Chiriku alisimama, akaketi, akasimama tena. "Anameza vidonge vya maumivu! Kila siku!"

Mama alimkata jicho. Muuguzi akaweka kalamu chini. "Dada, vidonge hivyo vikizidi huumiza figo. Nawe utabaki na moja tu. Ikiharibika?"

"Niliogopa mtanikataa," Mama alisema, machozi yakimlengalenga. "Ndugu yangu anakwisha."

Upasuaji uliahirishwa. Mjomba alipopigiwa simu alisema, "Dada, tugawane figo, tusigawane mashine. Nitasubiri."

Mama aliacha vidonge, mgongo ukatibiwa kwa mazoezi. Wiki nane zilipita, Chiriku akihesabu kila siku. Vipimo viliporudiwa, figo zote mbili zilikuwa salama, na upasuaji ukafanyika. Mjomba alipokojoa vizuri kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, aliitangazia wodi nzima!

Mama alirudi nyumbani baada ya siku nne, akitembea kwa kujishika ubavu. Alikatazwa kubeba vitu vizito kwa wiki sita, hivyo ndoo za maji zikawa za Chiriku.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Siku ile nilikasirika, tena sana," Mama alisema, akimvuta karibu. "Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitaka kumwokoa ndugu yangu kwa uongo, kumbe uongo huo ungetuzika wote wawili. Anayetoa figo, mwanangu, hutanguliza kutoa ukweli."

Chiriku akabeba ndoo, akaenda bombani mbio.