Ngozi Niliyomwonyesha Kaka kwenye Simu

Nina miaka ishirini na saba, natokea kijiji kimoja karibu na Ushirombo. Haya ninayowasimulia, wasomaji wenzangu, nayasimulia macho makavu. Machozi yangu sijui yameenda wapi...

Nilipopata nafasi ya kusomea ufamasia India, baba, Msukuma wa ng'ombe na mizimu, alichinja mbuzi wa tambiko. Akakata kipande cha ngozi, akanivisha mkononi, kama alivyowavisha ndugu zangu wote. Kwetu ngozi ile haivuliwi hovyo. Ukiivua mizimu inakasirika, na anayeugua si wewe, ni wa nyumbani.

"Usiivue, mwanangu," aliniambia. Nikaahidi!

Kule nilianza kwenda ibada kwa sababu ya ugali. Ndiyo, ugali! Wanafunzi wa Kiafrika walikuwa wanasali Jumapili chumbani kwa dada mmoja Mzambia aitwaye Chanda, na wakimaliza wanakula. Wenzangu wakiomba, mimi nanusa mboga.

Mwaka wa pili nikaugua homa, nikalala wiki mbili. Chanda na wenzake walinifulia hadi nguo za ndani, wala hawakunihubiria. Nikajiuliza, hawa watu wana nini? Nikaanza kusikiliza. Nikauliza, nikabisha, nikanuna, nikarudi tena. Mwaka wa tatu nikaomba mwenyewe kubatizwa, kwenye tangi la maji juu ya paa la hosteli. Asubuhi ile nilichukua mkasi nikaikata ile ngozi. Hakuna aliyenituma.

Ila nyumbani sikusema. Baba akipiga simu ananiuliza kama ninayo. "Ninayo, baba." Nilijidanganya kwamba nitamwambia nikirudi...

Mwaka wa mwisho baba akavimba miguu. Hospitali wakasema ni figo. Mimi nasomea dawa, figo nazijua! Lakini nyumbani walimwita mganga, akapasua kuku, akatazama ndani, akasema kuna mtu wa ukoo huu amevunja mwiko. Kaka yangu Masanja akaanza kutupigia simu za video, kila mtoto aonyeshe mkono wake. Mimi nikamwambia niko darasani, anipigie baada ya saa moja.

Mnajua nilifanya nini saa hiyo moja? Nilikata ulimi wa kiatu changu cha zamani cha ngozi, nikajifunga mkononi. Simu ilipoita nikaunyoosha mkono.

"Sawa, mdogo wangu. Wewe uko salama," kaka akasema.

Mimi, niliyebatizwa!

Basi, kwa kuwa watoto wote tulionekana na ngozi, lawama zikamwangukia shangazi Kabula, dada yake baba. Mjane, hana mtoto, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Wakamwita mchawi, wakamfukuza na kanga zake mbili. Kaka alinitumia ujumbe kwamba mbaya wetu ameshaondoka. Niliusoma, nikaenda kula. Hivyo tu... Nilikuwa nimekufa ganzi.

Mwezi uliofuata baba akafariki. Nilifika nikakuta ameshazikwa. Siku ya tatu, mbele ya wazee wa ukoo, nikasema yote, ubatizo, mkasi, kiatu. Masanja hakunipiga. Heri angenipiga!

"Ulinitazama usoni," alisema, kisha akatoka kwenda kuwafungulia ng'ombe.

Shangazi nilimkuta mjini Isaka, anamenya viazi kwa mama ntilie anayewapikia madereva wa malori. Nikapiga magoti kwenye vumbi nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikamweleza yote, naye anamenya tu.

"Kwa hiyo ulijua si mimi?"

"Nilijua, shangazi."

"Huyo Mungu wako mpya ndiye aliyekuambia unyamaze?"

"Hapana."

"Basi usije ukamsingizia na yeye. Mmenisingizia mimi, inatosha."

Nilimwomba turudi nyumbani, akakataa. Baadaye kaka naye alikwenda na wazee wawili, shangazi akawakatalia vilevile. Angerudi kwa nani, baba akiwa kaburini?

Siku ile nilipotoka kwa shangazi, njiani, nilisali. Sikuomba kitu, nilitaja tu jina la shangazi, tena na tena. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuamini kweli. Kabla ya hapo nilikuwa nimelowa tu.

Ndugu yangu uliye masomoni mbali, kama umeiacha njia ya wazazi wako, nakusihi, waambie wangali hai! Watafoka, watakususia, pengine watakulaani. Waache wafoke! Usiwe kama mimi niliyeogopa aibu ya dakika tano kwenye simu... Ukinyamaza, kuna mtu nyumbani atakayebebeshwa kosa lako, na huenda akawa yule anayekupenda kuliko wote. Wangu anaitwa Kabula, na salamu yangu hadi leo hajaiitikia.