Wa Mwisho Kutoka

Saa mbili asubuhi.

Stoo ya gereji iliyokufa ilinuka oili na mikojo ya panya. Dell Rasband alichuchumaa akachora kwa chaki sakafuni: duka, kichochoro, barabara ya kusini. Nje, majabali mekundu ya mji mdogo wa Coral Wash yalishaanza kuwaka jua. Watalii walikuwa wanapanga viti kando ya barabara kusubiri gwaride.

"Saa sita zimamoto wanapita na ving'ora," Dell alisema. "Kengele ya duka ikilia, nani ataisikia? Mimi, Lonnie na Harrison tunaingia mbele. Tunamfunga mwenye duka, mzee Stubbs, tunabeba mapambo ya kale, fedha na feruzi, tunatokea nyuma. Verna yuko kichochoroni, injini inanguruma. Harrison anatoka wa mwisho."

"Kwa nini yeye?" Verna aliuliza.

"Kwa sababu nimesema."

Verna Manygoats alimgeukia Harrison. Harrison alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Kwa Wanavaho, kabila lao, huyo ni ndugu wa tumbo moja, hakuna cha binamu. Na ni Verna aliyemvuta kwenye dili hili.

"Usijali, dada," Harrison alisema. "Nina miguu mirefu."

"Miguu mirefu, akili fupi. Kunywa kahawa yako."

Harrison alicheka. Lonnie, mpwa wa Dell, hakucheka. Alikuwa anaangalia chaki sakafuni kama mtu anayesoma jina lake kaburini.

Saa sita kasoro robo.

Gari lao lilikuwa na vitanda na jiko ndani, na baiskeli mbili zimefungwa nyuma. Mji mzima ulijaa magari kama hayo. Hakuna aliyewatazama mara mbili. Verna aliliingiza kichochoroni, pua ikielekea kusini.

Mlango wa nyuma wa Stubbs ulikuwa wa chuma, una komeo nje. Verna aliuchukia hata mlango wenyewe. Stubbs akisikia msiba kule kwao Verna, alifika na machozi ya wafiwa hayajakauka, akaondoka na vikuku vya marehemu kwa bei ya gunia la unga. Mkufu wa mama yake Harrison uliondoka hivyo hivyo. Leo umo dirishani, watalii wanaupiga picha.

Ving'ora vikaanza. Watoto wakashangilia.

Halafu risasi. Moja.

Mlango ukafunguka. Lonnie akatoka mbio na begi, uso mweupe kama karatasi. Dell akafuata na la pili. Akageuka, akaubamiza mlango, akarukia kiti cha mbele kando ya Verna.

"Kanyaga."

"Harrison yuko wapi?"

"Kalambwa risasi. Amekufa. Kanyaga, mama, tutakamatwa hapa."

Mguu wa Verna ulikanyaga kabla akili yake haijafika. Nyumba zikaisha. Barabara ikapanda ukingoni mwa korongo, jabali kushoto, hewa tupu kulia. Hakulia. Alishika usukani mpaka vidole vikafa ganzi.

Nyuma, Lonnie alikuwa anatapika kwenye sinki.

"Hajafa," akasema.

"Funga domo," Dell akamwambia.

"Hajafa, mjomba. Risasi uliipiga darini. Ukamwambia achukue ule mkufu dirishani, halafu ukamfungia kwa komeo, na ufunguo wa mlango wa mbele unao wewe. Nilimsikia anagonga."

Gari likapungua mwendo.

"Sikiliza," Dell alisema, taratibu, kama anamfundisha mtoto. "Polisi wanataka mtu. Wakipata mmoja wanapoa. Wakipata mmoja wa kwenu, hawaulizi hata kama kuna mwingine. Ndiyo kazi ilivyo."

"Ulipanga hivyo tangu asubuhi."

"Tangu ulipomleta."

Bastola ya Dell ikagusa mbavu za Verna. "Sasa endesha."

Akaendesha. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho, masufuria yakaanza kugongana jikoni na ukingo wa korongo ukapita chini ya dirisha la Dell kama wembe.

"Punguza," Dell akasema.

"Piga."

"Verna, punguza."

"Si una chuma mkononi? Piga, twende wote chini. Mimi nimefunga mkanda, wewe je?"

Dell akashusha macho kutafuta mkanda. Hapo hapo Verna akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kichwa cha Dell kikapasua kioo cha mbele. Bastola ikaanguka miguuni pa Verna. Akaiokota, akaitupa korongoni. Lonnie alifungua mlango wa nyuma akakimbilia mchangani. Hakuna aliyemwita.

Verna akageuza gari.

Dell, damu imemfumba macho, alikuwa anapapasa hewa. "Unaenda wapi? Mzigo tunao. Mpaka wa jimbo la Arizona ule pale, tukivuka tumepona."

Verna akakanyaga mafuta kurudi mjini. Hasira ilikuwa imempanda, na sehemu kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe. Aliuliza swali moja tu asubuhi ile, akajibiwa kama mbwa, akanyamaza.

Saa sita na nusu.

Gwaride lilikuwa bado linapita. Aliingia kichochoroni, akashuka, akamwacha Dell garini na mabegi, akavuta komeo.

Harrison alikuwa amekaa sakafuni, ngumi zimechubuka, mkufu wa mama yake mkononi. Stubbs, amefungwa kitini, alimtazama Verna. Mlango wa mbele ulikuwa unabomolewa na askari. Nyuma ya Verna, magari mawili ya askari yalifunga kichochoro, milango ikafunguka, bunduki zikainuka.

"Ulishatoka, dada," Harrison alisema. "Ungeenda tu."

"Nyamaza. Weka hicho kitu chini. Inua mikono, polepole, vidole wazi. Usikimbie, usijikwae, usimjibu mtu."

"Watapiga?"

"Kaa nyuma yangu."

Akageuka, akainua mikono yake, akatangulia kutoka nje, kwenye jua.